Waya Juu ya Mlango

Siku ya kwanza ya matanga ya Kache, mzee Gershom alisimama chini ya turubai, akakohoa, akaanza kutoa matangazo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na kanisani pia ndiye mtangazaji, kwa hiyo sauti yake ilikuwa imezoea kazi hiyo. Alisema choo cha wageni ni kile cha nyuma. Alisema akina mama wanaopika wasiachwe wateke maji peke yao, na kwamba gari la kwenda Kaloleni kuzika litaondoka alfajiri wala halitamngoja mtu. Kisha akasogeza kijikaratasi karibu na miwani, akasema ndani ya nyumba kuna intaneti, na kwa kuwa wengi wana jamaa wa mbali wa kuarifu, mwenye nyumba ametoa ruhusa itumike. Neno la siri, alisema, ni mama apone. Yote pamoja, herufi ndogo.

Watu wakatoa simu wakaandika. Hakuna aliyeinua kichwa. Mwarandu, mume wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye mkeka ameegemea ukuta, akawasikia wakiulizana kwa sauti ya chini, mama apone, umeingia, mimi nimeingia, jaribu tena, mama apone.

Neno hilo lilichaguliwa na Dama, binti yao wa pekee, aliyekuwa Doha akifanya kazi katika chumba cha kupigia pasi cha hoteli moja kubwa. Kache alipopigwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukafa, Dama aliomba ruhusa ya kurudi nyumbani akanyimwa. Alichoweza kufanya ni kumtafuta fundi wa Nyali kwa simu, akamtuma Mishomoroni, kwenye ploti ya nyumba chache zinazotazamana uani, akaweke intaneti kwa wazazi wake. Fundi alibandika kisanduku ukutani sebuleni, akavuta waya mpaka chumba cha mgonjwa, na mwisho wa ule waya, juu ya mlango kwa ndani, akafunga kamera ndogo kama yai. Dama alikuwa amesikia kwamba kamera zisizo na waya hukatikakatika. Hii haikukatika.

Ilitazama kitanda. Mwarandu akiwa kazini Changamwe, kwenye ghala la kahawa alikoshona midomo ya magunia kwa mashine, Dama alikuwa akimtazama mama yake kutoka huko aliko. Akiona midomo imekauka, alisema kupitia kamera hiyohiyo, "Mama, maji yako mkono wa kushoto." Kache akishindwa kuyafikia, Dama alimpigia simu Agneta, jirani wa mlango wa pili, na Agneta aliacha alichokuwa akifanya akaingia.

Agneta na mumewe Jacktone walikuwa watu wa bara. Jacktone alikuwa utingo wa malori ya bandarini, mtu wa maneno mengi, mpenda mpira. Agneta hakuwa na maneno mengi. Mchana ndiye aliyemgeuza Kache ubavu, akamchana nywele, akambadilisha shuka. Neno la siri walikuwa nalo tangu siku fundi alipoondoka, kama walivyokuwa na ufunguo wa akiba wa mlango. Hakuna aliyeona kuwa ni jambo.

Kache akafa, akazikwa, matanga yakakaliwa, na siku ilipofika yakaanuliwa. Kwa watu wa Mwarandu, kuanua matanga si maneno tu. Kitanda cha marehemu kilitolewa nje. Kanze, dada wa Kache, alikifagia chumba kuanzia dirishani hadi mlangoni, akaukunja mkeka, na nguo za marehemu zikagawanywa kwa ndugu zake wa kike. Fungu la Dama likawekwa ndani ya sanduku, likasukumwa kwenye pembe ya chumba kumngoja mwenyewe. Kisha turubai likashushwa, viti vya kukodi vikahesabiwa, watu wakaenda makwao. Neno la siri walikwenda nalo ndani ya simu zao, na waliokaa karibu wakaendelea kulitumia.

Mwarandu hakurudi kazini. Hakuamua kutorudi. Asubuhi alivaa shati lake la buluu, akanywa chai, akaingia katika kile chumba kutazama kama dirisha limefungwa, akakaa sakafuni pale kilipokuwa kitanda. Mgongo wake ulielekea mlango, uso ukaelekea dirisha. Nje ya dirisha kulikuwa na kamba ya nguo na ukuta wa ploti ya pili. Alizungumza na Kache kwa sauti ya kawaida, kama walivyozoea, mambo ya hivi na hivi. Jua lilipohama ukutani ndipo alipojua siku imekwisha. Kesho yake ikawa vilevile.

Jioni Dama alimpigia kwenye simu aliyoiacha Kache. Ilikuwa simu ya kioo iliyovunjika mahali pa kuwekea laini, kwa hiyo ilifanya kazi kwa intaneti ya nyumbani tu. Simu ya Mwarandu mwenyewe ilikuwa kabambe, ya vibonye, ya kupiga na kupokea. Dama aliuliza kama amekula, naye akasema amekula. Aliuliza kama ameenda kazini, naye akasema ameenda, leo magunia yalikuwa mengi. Dama akasema pole na kazi, Baba. Wakatazamana kidogo, kisha wakaagana. Kwa Mwarandu saa hiyo moja ndiyo iliyoibeba siku nzima.

Jioni moja uso wa Dama uliganda kwenye kioo. Sauti ikapotea, mdomo ukabaki wazi umepinda upande, jicho moja limefumba. Mwarandu aliushika ule uso mikononi akautazama, na kwa kitambo hakuona uso wa Dama. Aliona ule wa Kache asubuhi ya kiharusi. Akaifunika simu kifudifudi juu ya meza.

Ujumbe wa kampuni ulikuwa umeingia kwenye kabambe tangu mchana. Alimpelekea Gershom, ambaye alikuwa na sayba karibu na Frere Town, duka la kupiga chapa na kutoa nakala. Gershom akausoma kwa miwani. Mteja mpendwa, ulisema, umefikia kiwango cha matumizi ya haki, kasi yako imepunguzwa mpaka mwisho wa mwezi.

"Si walisema bila kikomo?" Mwarandu aliuliza.

"Walisema. Halafu wakaendelea kusema kwa herufi ndogo."

Mwezi ulipogeuka kasi ilirudi, na uso wa Dama ukawa ukicheka na kusogea kama kawaida. Kabla ya mwezi huo kufika mbali, ukaganda tena. Safari hii ujumbe ulikuwa mrefu zaidi. Kampuni ilisema matumizi ya nyumba hii si ya nyumba, yanafanana na ya biashara, na ikiwa hali hiyo itajirudia, laini itafungwa moja kwa moja. Gershom aliusoma, akaurudia, akavua miwani.

"Kuna mtu anakunywa kwako," alisema.

Mwarandu alikuwa na jina tayari. Kila Jumamosi alisikia makelele ya mpira kutoka mlango wa pili, na sauti ya Jacktone ikimlaumu mwamuzi kana kwamba mwamuzi yumo humo ndani. Alimwomba Gershom aje abadilishe neno la siri. Gershom akaja, akakaa na simu ya Kache mkononi, akafuta mama apone kwa kidole kimoja, akauliza neno jipya liwe lipi. Mwarandu alifikiri. Hakuna neno lililomjia. Gershom alingoja, akachoka, akaandika jina lake mwenyewe.

Jioni hiyo Jacktone alisimama uani ameinua simu juu, kama mtu anayepima kama mvua itanyesha.

"Mzee wangu, net imepotea hata kwako?"

Mwarandu alisema kampuni ndiyo inayojua. Akaingia ndani. Baada ya muda mfupi Dama akapiga, na sauti yake ikatoka dirishani safi kabisa, ikiuliza kama Baba amekula. Uani Jacktone akaishusha simu.

Kesho yake Jacktone alikuwa akifunga viatu kizingitini. "Hata maji yakikatwa mtaani, mzee," alisema bila kuinua kichwa, "huwa tunaambiwa."

Tangu siku za matanga Agneta alikuwa akimpelekea Mwarandu chakula jioni, bakuli limefunikwa sahani, na sasa hakuacha. Alibisha hodi, akaweka bakuli mezani, akaaga, akatoka. Laiti angeacha, ingekuwa rahisi. Vyombo vya jirani havirudishwi vitupu, na Mwarandu hakuwa na kitu cha kutia ndani, kwa hiyo mabakuli ya Agneta yalipangana jikoni kwake, moja ndani ya jingine, yameoshwa vizuri.

Mwezi mpya ukaanza, naye akawa na hakika kwamba jambo limekwisha. Halikwisha. Mwezi haujafika hata katikati, kabambe ikalia kwa ujumbe kwamba sehemu kubwa ya kiwango chake imekwisha kutumika. Aliusoma mwenyewe, polepole, hata hakwenda kwa Gershom. Majirani walikuwa wamefungiwa nje. Ploti nzima ilikuwa nje. Ndani ya nyumba alikuwamo yeye na simu ya Kache, nayo aliiwasha jioni tu.

Alipiga namba ya kampuni, akasikilizishwa muziki hadi mkono ukachoka, kisha akatokea msichana mwenye sauti ya upole. Mwarandu alimweleza kwamba amewafukuza wote na bado kiwango kinakwisha. Msichana akamwomba asubiri, akarudi.

"Mzee, nyumba yako haipokei kitu kikubwa," alisema. "Inatuma."

"Inatuma nini?"

"Picha. Kuna kifaa kimeunganishwa kwa waya. Kinatuma mchana kutwa na usiku kucha, na upande wa pili kuna anayepokea. Nikifunge kutoka huku?"

Mwarandu alisema angoje kwanza. Akaiweka simu mezani bila kuikata, akaenda kwenye kisanduku, akaushika waya kwa vidole viwili, akaufuata. Ulipita nyuma ya kabati la vyombo, ukapanda pembeni mwa mlango, ukaingia chumbani. Alikuwa amepita chini yake kila siku. Fundi aliufunga siku za ugonjwa, nyumba ilipokuwa imejaa dawa na mabeseni, na baada ya hapo hakuuona tena, kama mtu asivyoiona misumari ya nyumba yake. Akageuka, akatazama juu ya mlango. Kamera ilikuwa imeshika vumbi. Pembeni mwake kulikuwa na taa ya kijani, ndogo kama ncha ya sindano, inawaka.

Alileta kigoda, akapanda, akaushika waya.

"Baba, usichomoe."

Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikisema maji yako mkono wa kushoto, na ilitoka palepale. Mwarandu alishika fremu ya mlango asije akaanguka.

"Dama?"

"Abee, Baba."

"Umo humu tangu lini?"

"Sijatoka."

Akashuka. Akakaa sakafuni mahali pake, lakini kwa mara ya kwanza aliuelekeza uso wake mlangoni. Dama alizungumza kwa sauti ya chini, na nyuma yake mashine za pasi zilisikika zikipumua mvuke. Alisema simu yake huiegemeza kwenye rafu juu ya meza ya kazi, naye hupiga shuka pasi chini yake, na akienda kulala huiweka kando ya mto. Alisema siku ya mazishi msimamizi alizifungia simu zote, na yeye Dama akaja kuona picha jioni, watu wakiwa wamekwisha kunawa mikono. Wenzake walimpa pole mara moja, kazini, wote wamesimama. Hakuna aliyemkalisha chini.

"Mimi sikukaa matanga, Baba," alisema. "Nimekaa hapa."

Mwarandu alitazama mikono yake. "Kwa hiyo ulikuwa unaniona."

"Nauona mgongo. Hilo shati mshono umeachia begani."

"Na jioni unaniuliza kama nimeenda kazini."

"Nawe unanijibu."

Mashine za huko zilipumua. Mwarandu aliuliza, bila kuinua macho, kuhusu yale anayomwambia Kache. Dama alisema sauti huwa ameizima. Halafu akasema, "Si kila siku."

Hakumuuliza ni siku zipi. Alimweleza habari za kampuni, kiwango, na laini kufungwa. Dama alikuwa hajui. Huko aliko intaneti ni ya hoteli, haina mtu anayeipima, na hakuwahi kufikiri kwamba kutazama chumba kitupu kunaweza kumaliza kitu. Alisema atakuwa akifungua kidogokidogo, na sauti yake ilionyesha kwamba hataweza. Kisha Mwarandu akamweleza la neno la siri.

"Umemfungia Agneta?"

"Nilidhani ni wao."

"Agneta ndiye aliyenipigia Mama alipokata roho," Dama alisema. "Wewe ulikuwa bado hujafika kutoka Changamwe. Alinikalia kwenye simu mpaka ukaingia."

Hilo Mwarandu alikuwa halijui. Aliondoka chumbani akaenda jikoni. Kwenye kabambe yule msichana wa kampuni alikuwa amekwisha kata. Mwarandu aliyabeba mabakuli yote kwa pamoja, akavuka ua, akabisha hodi mlango wa pili. Kwa Agneta alikuwa akitumia jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo heshima.

"Mama Lavender," alisema, "nimekuja na vyombo vitupu na neno la siri."

Agneta aliyapokea mabakuli, akayaweka chini. "Neno lenyewe?"

"Gershom."

Jacktone alicheka kutoka ndani. "Gershom! Mimi nimejaribu majina ya Biblia wiki nzima, mzee wangu. Nilifika mpaka kwa Musa. Kumbe nilibakiza mwanawe."

"Nyamaza wewe," Agneta alisema, lakini mdomo wake ulikuwa umelegea.

Mwarandu alikaribishwa akakaa, akaeleza yote, ya waya, ya taa ya kijani, ya binti aliye juu ya mlango. Alieleza pia kwamba alimdhania Jacktone. Alilisema hilo waziwazi, na Jacktone akakubali kwa kichwa, akasema hata yeye angejidhania. Agneta alisikiliza mpaka mwisho, vidole vyake vikizunguka ukingo wa bakuli.

"Basi huyo mtoto hajaanuliwa matanga," alisema.

Lilikuwa jambo dogo alivyolisema, na Mwarandu alishangaa kwamba hakulifikiria yeye. Watu wote walikuwa wamekaa, wakafagiliwa chumba, wakaambiwa imetosha, nendeni mkafanye kazi. Dama hakuambiwa na mtu. Yeye mwenyewe pia, akijitazama vizuri, ni kama hakusikia alipoambiwa.

Wakapanga iwe Ijumaa, siku ya mapumziko ya Dama. Dama aliomba kamera isizimwe mpaka siku hiyo, akae siku zake zilizobaki. Gershom, alipoletewa habari, alipiga hesabu pembeni mwa gazeti, akasema ikiachwa inawaka hivyo, kiwango kitakwisha, na kikiisha safari hii laini inafungwa, jioni hakuna tena uso. Ikizimwa leo, laini itapona na Dama ataendelea kuonekana kila jioni. Alimwomba Mwarandu afikirie.

Mwarandu alifikiria usiku kucha, au karibu. Zile jioni ndizo zilizokuwa zimemshikilia. Asubuhi alimwambia Gershom iachwe.

Hizo siku za katikati hakukaa tena amempa Dama mgongo. Aliingia chumbani kama kawaida, lakini alikaa ameegemea ukuta wa dirisha, na Dama alipokuwa na nafasi walizungumza, na alipokuwa na kazi alirudi kwenye shuka zake. Mwarandu alishona bega la shati, Dama akimtazama. Dama alimwambia uzi anaoutumia ni mweusi. Naye akasema anajua.

Ijumaa mchana walikuwa watu wanne chumbani. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Kanze hakuweza kushuka kutoka Kaloleni kwa sababu ya goti, na ilipoulizwa nani atafagia, Agneta alisema atafagia yeye. Mwarandu alisita kidogo, kwa kuwa ufagio huo hushikwa na ndugu. Dama alisema kutoka juu ya mlango, "Mwacheni." Ikawa ndiyo.

Wakakaa kwanza. Walikaa chini, wakampa Dama pole mmoja mmoja wakimwita kwa jina, wameinua nyuso kutazama ile kamera, na yeye akawajibu mmoja mmoja, nimeshapoa. Jacktone, aliyezoea kusema mengi, alisema pole dada basi, akatazama sakafu. Gershom aliomba, maombi marefu, na alipomaliza sauti ya Dama ilisema amina ikichelewa nyuma ya wengine. Walikunywa chai ya chupa na mahamri. Dama alisema huko pia amejichemshia chai, amekaa chini, kitanda amekiegemeza ukutani. Alisema wakifika kwenye nguo, yeye atachagua katika fungu lake leso moja ya kumpa Agneta, kwa kuwa siku nguo zilipogawanywa Agneta hakupewa kitu.

Agneta akashika ufagio. Alianza dirishani, akainama, akarudi nyuma hatua kwa hatua akiusogeza uchafu mdogo uliokuwapo. Chumba kilikuwa safi, lakini alifagia kama kichafu. Alipofika karibu na mlango, chini kabisa ya kamera, taa ya kijani ikawa nyekundu.

"Dama," Mwarandu aliita.

Aliita tena. Jacktone aliingia sebuleni, akarudi akasema hata kisanduku taa zake zimebadilika. Wakatazamana. Agneta alisimama na ufagio mkononi, uchafu ukiwa bado upande wa ndani wa kizingiti.

"Tungoje?" Gershom aliuliza.

"Tumeshaanza," Mwarandu alisema.

Agneta akafagia mpaka nje. Mkeka ukakunjwa. Sanduku likafunguliwa, na Mwarandu mwenyewe akapekua leso za Kache zilizokunjwa humo, akachukua moja ya zambarau yenye michoro ya korosho pembeni, akampa Agneta. Agneta aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga palepale kiunoni. Gershom akasema maneno ya kufunga kama yanavyosemwa, na watu wakanyanyuka, kwa kuwa baada ya maneno hayo mtu hakai tena.

Jacktone alikuwa ametoa simu yake aone kama atampata Dama kwa njia nyingine, na kabambe ikalia mfukoni mwa Mwarandu. Namba ilikuwa ndefu, ya nje. Alitoka nayo uani, akakaa kwenye kigoda chini ya kamba ya nguo.

"Mlifika wapi?" Dama aliuliza.

"Ulimwacha Agneta wapi?"

"Agneta alikuwa amefika mlangoni. Niliona kilemba chake, kisha giza."

"Alifagia mpaka nje."

"Halafu?"

Mwarandu hakuwa mtu wa kusimulia. Jioni zote alizokuwa akimwona Dama alisema maneno machache, uso ukafanya yaliyobaki. Sasa hapakuwa na uso. Alianza polepole, akasema uchafu ulikusanywa kwa kipande cha boksi, Jacktone akaenda kuutupa, akarudi amenawa. Dama alisikiliza. Aliuliza la leso.

"Nimempa ya zambarau. Yenye korosho."

"Hiyo ndiyo niliyoitaka mimi," Dama alisema.

"Nimwambie?"

"Hapana." Alivuta pumzi. "Imemkaa vipi?"

Mwarandu alitazama upande wa pili wa ua. Agneta alikuwa akisuuza vikombe, ameinama. "Imemkaa vizuri," alisema.

"Mwache nayo."

Alimwambia pia kwamba Jumatatu atarudi ghalani, kama bado wana nafasi.

"Huku sitakuwa na njia ya kukuona," Dama alisema.

"Ndiyo maana nakwambia."

Akauliza kama kamera imechomolewa. Mwarandu alisema imezimika yenyewe, kampuni imefunga. Dama alisema aichomoe hata hivyo. Basi aliinuka na simu sikioni, akabeba kigoda, akaingia chumbani. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa. Alipanda, akaushika waya, na safari hii hakuna aliyesema neno. Kamera ilitoka na vumbi lake ikaacha alama nyeupe ya duara ukutani. Akaiweka ndani ya sanduku, juu ya leso zilizobaki, akafunga kifuniko.

"Tayari," alisema.

"Haya," Dama alisema. "Na mkeka, aliukunja nani?"